Uuguzi wa nyumbani mjini Moshi: mikono ya muuguzi ni safi, ofisi haijajiandaa na mlipuko

Kampuni ya uuguzi wa nyumbani inayomhudumia mama yetu hapa Moshi inafanya vizuri sana yale yaliyo mikononi mwa muuguzi, na inayumba katika yale yaliyo mikononi mwa ofisi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nitaeleza na kasoro zake, na baadhi ya kasoro hizo uongozi umeshaanza kuzirekebisha. Tathmini hii inahusu namna wanavyozuia maambukizi ndani ya nyumba na namna walivyojiandaa endapo mlipuko wa ugonjwa utatokea. Lugha nzuri na kuwahi kwa wakati kila mtu huviona mwenyewe katika wiki ya kwanza. Suala la maambukizi halionekani kwa urahisi, na ndilo linaloweza kumrudisha mgonjwa wodini.

Mama alipata kiharusi, akaruhusiwa kutoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo na kidonda cha kulalia juu kidogo ya makalio. Mgonjwa wa namna hiyo ana njia tatu ambazo vijidudu hupenda kupitia: mkojo, kidonda na kifua, maana aliyepooza upande mmoja hupaliwa kwa urahisi na chakula au mate yakaingia kwenye njia ya hewa. Tunalipa shilingi 25,000 kwa kila ziara, mbali na gozi, glovu na dawa za kusafishia, ambazo tunanunua wenyewe. Kwa familia ya kawaida hiyo si pesa ndogo, na ndiyo maana nimekuwa mkali katika kuangalia tunachokipata.

Nianze na mkoba, kwa sababu hapo ndipo niliposhawishika kwamba wauguzi hawa wamefundishwa. Muuguzi anapoingia chumbani, mkoba wake hauwekwi sakafuni wala kitandani kwa mgonjwa. Huomba meza au kiti, hutandika karatasi safi ya plastiki, ndipo huuweka juu yake. Hafungui zipu kabla ya kunawa, na akishamgusa mama hairudishi mikono ndani ya mkoba bila kunawa upya. Kwa hiyo huanza kwa kutoa kila atakachohitaji na kukipanga mezani, kisha huufunga. Vilivyotumika huingia kwenye mfuko wa pembeni. Mashine ya presha, kipimajoto na stetoskopu hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kurudi ndani, ukiwamo ule mkanda wa kitambaa unaovingirishwa mkononi, ambao hata hospitalini nimeuona ukihama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa bila mtu kuugusa kwa pamba. Mkoba huohuo kesho utaingia nyumba ya Pasua na keshokutwa nyumba ya Rau, na mgonjwa wa huko hajui mama yangu ana nini.

Kuhusu kunawa, wanafuata nyakati tano zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau, kwa sababu mtu akigusa shuka au meza ya kitandani hudhani hajagusa kitu. Kunawa kwa sabuni huwachukua kati ya sekunde 40 na 60, na kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Siku maji yakikatika bombani, muuguzi hutumia ndoo yenye koki na hakubali kabisa beseni ambalo watu wanachovya mikono kwa zamu, hata pale shangazi yetu alipoona kwamba anadharau maji ya nyumba yake. Pia aliwahi kutueleza kwamba mgonjwa akianza kuharisha, tuache kutegemea kitakasa mikono na turudi kwenye sabuni na maji tiririka, kwa kuwa wapo vijidudu vya kuharisha ambavyo spiriti haiviui ipasavyo.

Glovu nazo zina maelezo yake. Mtu mmoja tuliyempata kwa kuelekezwa, kabla ya kampuni hii, alikuwa akivaa glovu tangu mlangoni na kuzivua wakati wa kuondoka, akiwa ameshika kitasa, simu, kidonda na kikombe cha uji kwa glovu zilezile. Ndugu waliona ni mtu msafi sana. Hawa wa sasa hutumia jozi moja kuondoa gozi chafu, huivua, hunawa, kisha huvaa jozi nyingine kufunga gozi safi. Bajeti ya glovu imepanda, na sikulalamika.

Jambo lililonifanya niwape alama za juu kabisa ni mpira wa mkojo. Kanuni za kila siku wanazifuata: mfuko hukaa chini ya usawa wa kibofu lakini haugusi sakafu, maungio hayafunguliwi ovyo, na mkojo humwagwa kwenye chombo ambacho ni cha mama peke yake, huku koki ya mfuko ikifutwa kabla na baada. Hayo mtu yeyote makini anaweza kujifunza. Tofauti ilikuja pale muuguzi alipouliza swali ambalo sisi, na pengine hata waliomruhusu mama, hatukuwa tumeliuliza: mpira huu bado una kazi gani? Kila siku mpira unapobaki ndani, uwezekano wa bakteria kupanda kwenye kibofu huongezeka, na hakuna usafi unaoweza kuufuta uwezekano huo kabisa. Mama alikuwa ameanza kujitambua na kuomba maji ya kunywa kwa wakati wake. Muuguzi aliandika taarifa fupi, tukaipeleka kliniki, daktari akamchunguza na kuagiza mpira utolewe, na badala yake tukaanza ratiba ya kumkalisha kwenye beseni la choo pamoja na pampasi za usiku. Kazi ya kumhudumia iliongezeka, sitaki kuificha, hasa usiku. Lakini kampuni iliyokuwa ikilipwa pia kwa kusafisha na kubadilisha mpira ndiyo iliyopendekeza uondolewe, na hilo linaonyesha mafunzo yao yanaelekea wapi.

Kidonda kimekuwa kikipungua taratibu. Husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na mama hugeuzwa kila baada ya saa mbili kwa karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani, ambayo dada wa nyumbani huweka alama.

Huyo dada wa nyumbani ndiye anayekaa na mama saa nyingi kuliko muuguzi, kuliko mimi na kuliko ndugu zangu wote tukijumlishwa. Kampuni nyingi humpita kama samani. Muuguzi wetu alimwita, akamwamkia vizuri, akaketi naye jikoni na kumfundisha kuchanganya dawa. Alimwonyesha maandishi kwenye chupa ya Jik, kwamba ina klorini ya asilimia 3.5, kisha wakapima pamoja kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji ili kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5 unaofaa kwa sehemu iliyomwagikiwa damu au majimaji ya mwili. Uchafu unaoonekana hufutwa kwanza kwa kitambaa cha kutupa, ndipo dawa huwekwa na kuachwa kwa dakika kama kumi, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu mwingi huishia kupambana na uchafu na vijidudu vikabaki. Mchanganyiko hutengenezwa kila siku na hauwekwi juani. Ilibainika pia kwamba dada alikuwa na desturi ya kuchanganya Jik na dawa ya chooni yenye asidi ili ing'arishe zaidi, jambo ambalo hutoa gesi ya klorini na lingeweza kumdhuru yeye mwenyewe ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha. Sasa chupa hizo mbili zinakaa makabati tofauti.

Wageni ni mtihani ambao vitabu vya hospitali haviufahamu. Hapa kwetu mgonjwa hujuliwa hali, na nyumba ambayo haina wageni wa mgonjwa husemwa. Jumuiya huja kusali, majirani huja na ndizi, wazee huja kumshika mama mkono na kukaa naye. Muuguzi hakujaribu kuwafukuza. Aliomba ndoo yenye koki, sabuni na taulo za karatasi ziwekwe barazani, na siku jumuiya ilipofika akiwapo, alisimama mlangoni akawaamkia, "Shikamooni wazee wangu. Karibuni sana, mama anawasubiri, tunaanzia hapa kwenye maji." Wakaitikia marahaba, wakanawa mmoja mmoja, na hakuna aliyeona ametukanwa. Mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi alikaribishwa kiti cha dirishani akaongoza sala akiwa hapohapo. Mimi ningeshindwa kulisema hilo bila kuanzisha ugomvi wa ukoo.

Kwenye taka alama zao zinashuka. Sindano huingia kwenye boksi gumu la njano, halijazwi kupita robo tatu, na kampuni hulichukua na kulipeleka kituo cha afya likateketezwe. Gozi zenye usaha, hata hivyo, huachwa kwetu, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko, ziende na gari la taka pamoja na maganda ya ndizi. Mji wetu unasifika kwa usafi, na wanaobeba taka hizo ni vijana ambao wengi wao hawana hata glovu za bustani. Niliandika malalamiko nikaambiwa kwamba gharama za usafiri haziruhusu. Mtu anayekuja na boksi la sindano anaweza kuondoka na mfuko wa gozi pia. Tofauti ya uzito ni ndogo sana.

Sasa nifike kwenye milipuko. Mkazi wa Kilimanjaro au Arusha hahitaji kushawishiwa kwamba jambo hili linamhusu. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini, Machi 16, 2020, alikuwa msafiri aliyeshukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro na kugundulika Arusha. Tuna mpaka wa Holili upande mmoja na Namanga upande mwingine, tuna wapanda mlima na watalii kutoka kila bara, na mabasi ya mikoani kila asubuhi. Kagera imepata mara mbili Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na unaoweza kumtoa mgonjwa damu: mwaka 2023 wilayani Bukoba, ambako watu sita walifariki na miongoni mwao alikuwamo mhudumu wa afya, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo. Miezi miwili baadaye nchi ikathibitisha wagonjwa wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele mwilini.

Niliomba kuuona mpango wao wa dharura. Nilipewa nakala bila kuzungushwa, na hilo nawashukuru. Ni waraka mzuri ulioandikwa kwa ajili ya hospitali: unazungumzia lango la kuingilia, wodi ya kutenganisha wagonjwa na chumba cha kuvulia mavazi ya kinga. Hauna mstari hata mmoja kuhusu nyumba yenye choo kimoja na watu saba, au muuguzi afanye nini akifika mlangoni akakuta mgonjwa anatapika na kutoka damu fizini. Muuguzi mwenyewe nilipomuuliza alijibu vizuri kuliko waraka wao: asiguse, arudi nyuma, awatenge waliomo kadiri inavyowezekana, apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na asiruhusu mgonjwa apakiwe kwenye daladala au bodaboda. Alijua pia kwamba waliokutana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Kwa upande huo daftari la ziara la kampuni linasaidia, kwa kuwa kila anayeingia husaini jina, tarehe na saa, na nilipoomba kuona nani wameingia chumbani kwa mama katika wiki tatu zilizopita, orodha ilipatikana papo hapo.

Barakoa za N95, zile zinazochuja vijidudu vya hewani, walizonazo ni chache na zimefungiwa kabatini ofisini, ilhali anayezihitaji yuko mtaa wa Soweto hapa Moshi kwenye chumba cha mgonjwa anayekohoa kwa wiki kadhaa. Mkoa wenye Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, haupaswi kuwa na muuguzi wa nyumbani asiye na barakoa hiyo mkobani. Ratiba za ziara nazo hupangwa kwa ukaribu wa mitaa ili kuokoa nauli ya bodaboda. Nilimuuliza meneja kwa nini mgonjwa mwenye maambukizi yanayoambukiza haachwi awe wa mwisho kwa siku hiyo, akakiri kwamba hawakuwa wamelifikiria. Chanjo ya homa ya ini B, kwa upande mwingine, wauguzi wote wamechanjwa dozi tatu, na kadi nilionyeshwa. Pia wanajua kwamba aliyejichoma sindano anapaswa kuanza dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na kuzimeza kwa siku 28.

Udhaifu mkubwa kuliko yote haumo kwenye waraka huo, na ulijitokeza Desemba. Kila anayeijua Kilimanjaro anajua mwezi huo: watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, nyumba zinajaa, watoto wanalala watatu kitandani, na mafua hupita ukoo mzima kabla ya mwaka mpya. Kwa huduma ya uuguzi wa nyumbani huo ni mlipuko mdogo unaojulikana tarehe yake. Kampuni ilitupigia simu asubuhi kama kawaida yake, kuuliza kama kuna mtu mwenye homa, kikohozi au kuharisha ndani ya nyumba, nasi tukajibu ukweli kwamba wapwa wawili wanakohoa. Aliyefika siku hiyo hakuwa muuguzi wetu wa kawaida, alikuwa kijana wa zamu ambaye naye alikuwa na sauti imekauka na macho mekundu. Alivaa barakoa na kunawa kama inavyotakiwa. Nilipomuuliza kama ana homa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, nisipokuja sina malipo ya leo."

Mama alipata kikohozi wiki iliyofuata, akatibiwa, akapona. Haitakuwa haki kudai kwamba alikipata kwa kijana yule, wakati nyumba ilikuwa imejaa wajukuu wenye kamasi. Lakini jibu lake ndilo lililonifungulia kampuni nzima. Wauguzi wa zamu hulipwa kwa ziara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ila anayeitwa kwa simu na kulipwa kwa ziara hujikuta nje ya ulinzi huo. Ofisi huuliza kama sisi tuna homa na haina utaratibu wa kumuuliza muuguzi, kwa sababu jibu la muuguzi lina gharama. Unaweza kununua barakoa zote za Moshi. Kama anayezivaa analazimika kuchagua kati ya homa yake na kodi ya chumba, atakuja na homa.

Nilimwandikia meneja barua, tukakutana. Alijitetea kwa hoja ya mapato, na hoja hiyo ina uzito, kwani wateja wengi hulipa kwa kuchelewa. Hata hivyo alikubali mambo matatu: muuguzi aulizwe hali yake kabla ya mgonjwa kuulizwa, anayekiri kuumwa alipwe nusu ya ziara zake hadi siku tatu, na kila mkoba uwe na N95 mbili. Nusu ya ziara bado ni kidogo, nami nilimwambia hivyo. Kuhusu gozi chafu hakunipa jibu, na ule waraka wa hospitali bado uko vilevile.

Kwa mgonjwa mwenye kidonda, mpira au sindano za kila siku, ningewashauri ndugu wa Moshi kuichukua huduma ya kiwango hiki bila wasiwasi kuhusu mikono na mkoba. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake iko chini sana, kama anayepewa dawa za saratani, ningesita hadi suala la malipo ya wauguzi wanaougua likae sawa, au ningedai muuguzi mmoja maalumu na kulipa zaidi ili asilazimike kuja akiumwa. Anayefanya mazungumzo na kampuni yoyote, iwe hapa au Arusha, aombe kuona daftari la ziara, aulize gozi zinakwenda wapi, kisha amtafute muuguzi pembeni, mbali na meneja, na kumuuliza siku akiwa na homa huwa anafanyaje. Sisi tumeendelea nao, na mkataba mpya una kifungu kinachosema kwamba ziara iliyoahirishwa kwa sababu muuguzi anaumwa itachangiwa nusu na sisi.